Hoverspeed haikuzamishwa na handaki

Julai 2025 mkoa wa Oita, nchini Japani, ulirejesha safari za hovakrafti kati ya mji wa Oita na uwanja wa ndege ulioko upande wa pili wa Ghuba ya Beppu. Picha zake zinavutia kweli. Chombo kinakuja kikielea juu ya maji, kinapanda sakafu ya zege bila kusimama, kinakata kona kwa ubavu kwenye njia yake ya nchi kavu, kisha kinajishusha taratibu karibu na jengo la abiria. Wengi waliozitazama wameondoka na simulizi moja: kwamba hii ni teknolojia iliyouawa kabla ya siku zake, kwamba Waingereza walikuwa nayo tangu miaka ya sitini wakaipoteza pale walipochimba reli chini ya bahari, na kwamba sasa imefufuka, kwa hiyo kila mwenye pwani aikimbilie. Wapo wanaouliza kwa nini Dar es Salaam na Zanzibar zisiwe za kwanza Afrika Mashariki.

Nadhani simulizi hiyo imeshika mkia wa mambo ikaacha kichwa. Kampuni ya Hoverspeed, iliyovusha watu kati ya Uingereza na Ufaransa kuanzia 1981 hadi 2005, kwanza kwa hovakrafti na baadaye kwa katamarani (vyombo vya miili miwili), ilikuwa inauza kasi mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyelazimika kuinunua. Gharama ya kasi hiyo ilifidiwa na faida ya sigara, mvinyo na manukato. Fidia ilipoondolewa, kampuni haikuwa na kingine cha kusimamia. Handaki liliongeza uzito tu kwenye mzigo ambao tayari ulikuwa unaielemea. Oita nao hawajafufua walichokuwa nacho Waingereza. Wameweka chombo mahali ambapo umbo la nchi linakihitaji, na wameamua mapema nani atalipia.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1955 mhandisi Mwingereza Christopher Cockerell alichukua makopo mawili, akaweka moja ndani ya jingine, akapuliza hewa kwenye mwanya wa katikati yake. Aligundua kwamba hewa inayotoka kwa mzunguko ule mwembamba hutoa msukumo mkubwa kuliko hewa ileile ikipita kwenye kopo moja tupu. Hilo ndilo chimbuko la hovakrafti: chombo kinachojitengenezea mto wa hewa chini yake na kupita juu ya maji, tope au mchanga bila kugusa. Tarehe 25 Julai 1959, miaka 50 kamili tangu Louis Blériot aruke kwa ndege juu ya mlangobahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza, chombo cha majaribio cha SR.N1 kiliuvuka kutoka Calais, Ufaransa, hadi Dover, Uingereza. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikishuhudia himaya yake ikipungua na viwanda vyake vikipitwa na Wamarekani, ilikiona kama zawadi ya kipekee kwa dunia. Hamasa hiyo inaeleza maamuzi mengi yaliyofuata, yakiwemo yale ambayo mhasibu angeyakataa.

Agosti 1968 ikaanza kazi SR.N4, iliyoundwa na British Hovercraft Corporation katika Kisiwa cha Wight. Ilikuwa kubwa kuliko hovakrafti yoyote ya abiria iliyowahi kujengwa: watu 254 na magari 30 mwanzoni, ikisukumwa na injini nne za Rolls-Royce Proteus, za ukoo mmoja na zile zilizorusha ndege za Bristol Britannia. Kila injini ilizungusha rafadha yenye upana wa karibu mita 6 na feni ya kunyanyua chombo. Ilipita baharini kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa na kuvuka kwa takriban dakika 35, wakati meli ya kawaida ilihitaji kama saa moja na nusu. Namba zake za usajili, GH-2006 kwa The Princess Margaret na GH-2007 kwa The Princess Anne, zilifanana na za ndege. Safari iliitwa mruko na wahudumu walivaa kama wa shirika la ndege. Gharama nazo zilikuwa za ndege: mafuta ya turbini, mafundi wa injini za anga, na sketi ya mpira iliyozunguka chombo chote. Ncha za sketi ile, vipande ambavyo mafundi waliviita vidole, zilisuguliwa na maji ya chumvi na zege kila safari, na kazi ya kuvikagua na kuvibadilisha haikuwa na mwisho. Vyombo vya aina hiyo vilijengwa 6 tu. Anayejua karakana anaelewa maana yake: hakuna kiwanda kitakachoendelea kutengeneza vipuri kwa bei nafuu kwa ajili ya wateja wachache hivyo.

Sita hizo ziligawanywa kwa kampuni mbili. Seaspeed ilikuwa ya shirika la reli la serikali na iliondokea Dover kwenda Boulogne na Calais. Hoverlloyd, iliyokuwa na mtaji wa kampuni za meli za Sweden, iliondokea Pegwell Bay karibu na Ramsgate. Hapa ningependa msomaji asimame kidogo, kwa sababu tofauti ya vituo hivi viwili inabeba nusu ya hoja yangu. Pegwell Bay ni ghuba ya tope. Maji yakitoka huacha uwanda mpana usiofikika kwa meli yoyote, na hovakrafti iliupita kana kwamba ni barabara. Dover kwa upande wake ni bandari ya kina kirefu, mojawapo ya zenye shughuli nyingi zaidi Ulaya, ambako kila meli inatia nanga itakavyo. Kwa hiyo pale Dover uwezo wa pekee wa hovakrafti, ule wa kupanda nchi kavu, haukuwa na kazi ya maana. Kilichobaki kuuza ni dakika.

Kampuni zote mbili zilitaabika. Mwishoni mwa miaka ya sabini Seaspeed ilikata vyombo vyake viwili katikati na kuvirefusha, vikafikia abiria 418 na magari 60, kwa matumaini kwamba mzigo mkubwa ungepunguza gharama kwa kila kichwa. Haikutosha, na 1981 kampuni hizo ziliunganishwa kuwa Hoverspeed. Mwaka uliofuata safari za Pegwell Bay zilisimamishwa na kila kitu kikahamishiwa Dover. Kwa hesabu za wakati ule uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa vituo viwili ni gharama mbili. Ila ulikuwa na maana ya kuondoka mahali ambapo hovakrafti haikuwa na mshindani na kuhamia mahali ambapo ilikuwa na wengi. Mwaka 1984 wamiliki waliikabidhi kampuni kwa mameneja wake kwa bei ya jina tu. Miaka miwili baadaye ilichukuliwa na Sea Containers ya Mmarekani James Sherwood, mfanyabiashara wa makontena na hoteli aliyekuwa tayari amenunua meli za kivuko za shirika la reli.

Sherwood aliona kilichowashinda wengine kukikiri, kwamba abiria hakujali kama chini yake kuna hewa au maji. Akaagiza katamarani kutoka kiwanda cha Incat huko Hobart, Tasmania: mita 74 za aluminiamu, miili miwili myembamba inayotoboa mawimbi, injini nne za dizeli. Ya kwanza, Hoverspeed Great Britain, ilivuka Atlantiki Juni 1990 kwa siku 3, saa 7 na dakika 54. Ikalichukua kombe la Hales, tuzo ya meli ya abiria iliyovuka Atlantiki kwa kasi kuliko zote, lililokuwa la meli ya SS United States tangu 1952. Lilikuwa tangazo zuri la biashara, ingawa abiria wa mwanzo kati ya Portsmouth na Cherbourg walipata shida ya kichefuchefu kwenye mawimbi. Katamarani ilikuwa taratibu kuliko hovakrafti, lakini ilibeba watu na magari zaidi, ilitumia dizeli ya kawaida, na vipuri vyake vilikuwepo sokoni. Tarehe 1 Oktoba 2000 hovakrafti za mwisho zilistaafu na katamarani zikabaki peke yake. Nazo zilidumu miaka 5 tu. Novemba 2005 Hoverspeed ilifunga milango, na mwaka uliofuata Sea Containers yenyewe ikaomba ulinzi wa mufilisi katika mahakama ya Marekani.

Sasa tuzipime sababu. Wanaolaumu handaki wana hoja yenye nguvu na sitaki kuipunguza. Reli ya chini ya bahari ilifunguliwa rasmi Mei 1994, na treni inayobeba magari huchukua dakika 35 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ni muda uleule wa hovakrafti, bila mawimbi, bila kelele za rafadha, na bila safari kufutwa kwa sababu ya upepo. Bidhaa ya Hoverspeed ilipatikana sasa kwa jirani ikiwa bora zaidi. Ningekuwa mkurugenzi wake siku hiyo ningekosa usingizi.

Lakini hoja hiyo inakwama kwenye swali moja rahisi: mbona meli za taratibu hazikufa? Handaki kama ndilo muuaji, lingeanza na wale wanaotumia saa moja na nusu. Hadi leo meli kubwa za P&O na DFDS zinatoka Dover kwenda Calais mchana na usiku. Aliyekufa ni yule mwenye kasi. Jibu liko kwenye sitaha za chini za meli hizo, zilizojaa malori. Lori la tani 40 linalipa vizuri, linasafiri Januari kama linavyosafiri Agosti, na dereva wake anatakiwa kisheria kupumzika, kwa hiyo saa moja na nusu ya kula na kulala haimkeri. Hovakrafti haikuwa na uwezo wa kubeba malori ya aina hiyo, na katamarani za Hoverspeed hazikujengwa kwa ajili yake. Kampuni ilitegemea familia zinazokwenda likizo na watu wa matembezi ya siku moja, wateja wanaojaa majira ya joto na kutoweka majira ya baridi, na wanaohama mara tu bei inaposhuka kwingine. Handaki lilipowachukua baadhi yao, meli kubwa ziliegemea malori. Hoverspeed haikuwa na pa kuegemea.

Na hao wa matembezi ya siku moja walikuwa wakifuata nini Calais? Wengi walifuata bei. Hadi katikati ya 1999 msafiri baina ya nchi za Umoja wa Ulaya aliruhusiwa kununua pombe na sigara bila ushuru ndani ya chombo, na faida ya duka hilo ilimwezesha mwenye chombo kushusha nauli hadi chini ya gharama halisi ya safari. Ulaya ilipofuta utaratibu huo mwishoni mwa Juni 1999, nauli ilibidi isimame kwa miguu yake. Angalia tarehe: hovakrafti zilikuwa zimevumilia handaki kwa zaidi ya miaka 5, lakini baada ya kufutwa kwa maduka hayo hazikudumu hata miezi 16. Iliyobaki ilikuwa tofauti ya kodi kati ya nchi mbili, kwani sigara na bia zilibaki rahisi Ufaransa. Hoverspeed iling'ang'ania tofauti hiyo kiasi cha kwenda mahakamani kupinga maofisa wa forodha wa Uingereza waliokuwa wakisimamisha wanunuzi na kutaifisha mizigo yao. Julai 2002 Mahakama Kuu iliipa kampuni na wenzake ushindi, ingawa rufaa ilikuja kuupunguza. Mimi naiona kesi hiyo kama ushahidi bora kuliko taarifa yoyote ya fedha. Kampuni ya usafiri inapoajiri mawakili ili kutetea katoni za sigara za abiria wake, imeshatuambia mapato yake yanatoka wapi.

Kuna hoja ya tatu, dhaifu kuliko zote, inayosema hovakrafti ilikuwa teknolojia mbovu na ya hatari, kwa hiyo kifo chake kilikuwa halali. Wanaoisema hukumbusha tarehe 30 Machi 1985, pale The Princess Margaret iliposukumwa na upepo ikagonga ukuta wa bandari ya Dover na watu 4 wakafariki. Tukio hilo ni zito na linaonyesha udhaifu wa kweli: chombo kisichogusa maji hakina cha kushikilia upepo mkali unapokipiga ubavuni. Ila kutoka hapo hadi kusema teknolojia nzima haifai ni kuruka hatua nyingi. Tangu 1965 kampuni ya Hovertravel inavusha watu kati ya Southsea na Ryde katika Kisiwa cha Wight, kwa safari ya dakika 10 hivi, na bado inaendelea. Ryde ina ufuo wa mchanga unaokwenda mbali sana maji yakitoka, kiasi kwamba boti za kawaida hutia gati kwenye mwisho wa daraja refu la baharini, na abiria hulazimika kusafiri tena juu ya daraja hilo kuufikia mji. Hovakrafti inamshusha ufukweni, karibu kabisa na mji. Vyombo vyake vya leo ni vidogo, havibebi magari, na vinatumia dizeli. Wameacha ndoto ya SR.N4 wakabaki na kile ambacho chombo hicho kinafanya na hakuna kingine kinachoweza.

Ukishalielewa hilo, Oita inasomeka vizuri. Kwa barabara, basi linalazimika kuizunguka ghuba kwa kama saa moja. Hovakrafti inakata katikati na kupanda hadi ndani ya eneo la uwanja wa ndege, na abiria wake ana ndege ya kuwahi, kwa hiyo kasi ana sababu ya kuilipia. Hata hivyo kuna jambo linalonilazimu kuwa mwangalifu na hoja yangu mwenyewe. Oita waliwahi kuwa na hovakrafti kwenye ghuba hiyohiyo tangu 1971, na kampuni iliyoziendesha ilianguka 2009. Bahari ilikuwa ileile na uwanja ulikuwa uleule. Kumbe jiografia peke yake haitoshi. Kilichobadilika safari hii ni mkataba: mkoa ndio ulionunua vyombo vitatu kutoka kiwanda cha Griffon Hoverwork cha Uingereza na kujenga vituo, na kampuni binafsi imepewa kazi ya kuendesha. Mwendeshaji hana deni la chombo mgongoni. Na hata kwa mpangilio huo, uzinduzi ulicheleweshwa na ajali za wakati wa mafunzo ya marubani, kwa sababu ujuzi wa kuendesha vyombo hivi ulikuwa umekatika kwa zaidi ya miaka 10. Tunapoambiwa teknolojia imefufuka, tukumbuke kuna walipakodi wa mkoa mmoja walioamua kwamba kuuunganisha uwanja wao na mji ni huduma ya umma. Uamuzi huo naukubali. Nisilolikubali ni kuuita ushindi wa soko.

Kuhusu Dar es Salaam na Zanzibar, jibu langu ni hapana. Boti kadhaa za Kilimanjaro za Azam Marine zimejengwa Hobart, mji uleule uliotoa katamarani za Hoverspeed, na zinafanya kazi ambayo Hoverspeed ilishindwa kuidumisha. Injini na aluminiamu hazina siri yoyote hapo. Baina ya Unguja na bara hakuna handaki wala daraja, ndege ina bei yake, na wasafiri wapo mwaka mzima: wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa, watalii, watu wa misiba na harusi. Boti hazibebi magari ya familia zinazokwenda likizo, na nauli haitegemei duka la sigara. Pande zote mbili kuna bandari ambamo boti inaingia bila taabu. Hovakrafti pale ingekutana na mawimbi ya kusi kwenye bahari pana, ikatumia pesa nyingi zaidi kubeba watu wachache zaidi, ili kuokoa dakika ambazo abiria anazipoteza tena kwenye foleni ya kupanda.

Yenye kustahili mjadala ni maeneo mengine, na nasikitika kwamba hayatajwi. Yeyote aliyewahi kukaa Nyamisati akisubiri maji yajae ndipo chombo kiondoke kwenda Kilindoni, Mafia, anajua kwamba ratiba ya huko inaandikwa na mwezi kuliko na nahodha. Delta ya Rufiji ina tope, mikoko na mikondo inayohama. Mwaka 1969 Waingereza walichukua SR.N6, hovakrafti ndogo kuliko ile ya Dover, wakaipitisha Afrika Magharibi kuanzia Dakar, kwa mito na Ziwa Chad, ikamalizia Kinshasa. Nia yao ilikuwa pia kuitangaza bidhaa yao, lakini safari ile ilionyesha chombo kikipita penye mchanga na maji haba ambapo boti zinakwama. Kwa mgonjwa wa kukimbizwa hospitali maji yakiwa yamekupwa, hiyo ni tofauti kubwa, na hapo ndipo ningependa kuona wataalamu wetu wakifanya upembuzi.

Ila upembuzi huo uanze na mambo ambayo Hoverspeed iliyaacha ya mwisho. Kama ni TEMESA, wakala wa serikali wenye kuendesha vivuko, itakayopewa kazi, au mwekezaji yeyote, atuonyeshe kwanza bei ya sketi na itadumu kwa saa ngapi, injini zake zina fundi na vipuri nchini au la, rubani atafunzwa wapi na na nani, na chombo kikisimama kwa wiki mbili za upepo nani analipa mishahara. Atuonyeshe pia nauli ambayo mvuvi wa Kilindoni anaweza kuitoa mfukoni, na pengo kati ya nauli hiyo na gharama halisi liandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, mwaka kwa mwaka, kabla chombo cha kwanza hakijashushwa majini.